Kisu Kinaondoa Nini? Makazi ya Kemikali Ndani ya Samaki

Mlaze samaki kwenye ubao wa kukatia. Funua shavu uone kama bado ni jekundu, bonyeza ubavu uone kama nyama inarudi, kisha nusa. Hivyo ndivyo samaki mbichi anavyokaguliwa kila mahali, na ni ukaguzi mzuri kwa kazi yake: unakuambia kama ameanza kuoza. Kuhusu kemikali za sumu kama zebaki, dioksini, PCB au kadimiamu haukuambii lolote. Samaki aliyejaa zebaki ana macho maangavu kama mwenzake, ananuka maji yale yale, na akitiwa chumvi anakolea vile vile.

Mtu akishasikia habari hizi huuliza swali moja: nikimwosha sana na kumpika hadi akaive kabisa, sumu haitoki? Inategemea ni sumu gani, kwa kuwa kila moja ina makazi yake mwilini mwa samaki. Ipo inayojishika kwenye nyama yenyewe, ipo inayolala kwenye mafuta, ipo ya kwenye ini na figo, ipo ya kwenye mfupa. Na ipo moja ambayo haikutoka majini hata kidogo. Tunampaka sisi wenyewe kwa moshi. Ukijua makazi, unajua mahali pa kupitisha kisu, na unajua pia pale ambapo kisu hakina kazi na uamuzi ulipaswa kufanyika kabla samaki hajanunuliwa.

Zebaki, isiyosikia kisu

Zebaki hufika majini kwa njia kadhaa: moshi wa mitambo inayochoma makaa ya mawe, majitaka ya viwanda, na zaidi ya vyote uchimbaji mdogo wa dhahabu, ambako zebaki hunasa chembe za dhahabu kisha huchomwa ikapaa hewani. Tathmini ya mwaka 2018 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, iliuweka uchimbaji huo juu ya vyanzo vyote vya zebaki ambayo binadamu anaitoa hewani, karibu asilimia 38. Iliyopaa hurudi na mvua, ikateremka na mito, ikatulia kwenye tope.

Hapo kwenye tope ndipo mambo yanapoharibika. Zebaki ya kawaida samaki hainyonyi sana. Lakini chini, pasipo na oksijeni, wanaishi bakteria wanaopumua kwa kutumia salfeti au madini ya chuma badala ya hewa, na katika shughuli zao hizo huigeuza kuwa zebaki ya methili. Hii ndiyo inayopenya kwenye seli za viumbe na kukataa kutoka. Kwa hiyo kiasi cha zebaki iliyomwagwa hakitoshi kukuambia hatari ya maji fulani. Inabidi uulize pia kama tope lake linawafaa bakteria hao. Bwawa jipya ni mfano mzuri. Bonde likifunikwa na maji, majani, mizizi na udongo wenye rutuba huoza bila hewa, bakteria hupata karamu, na zebaki kidogo iliyokuwa imelala ardhini kwa karne nyingi hugeuzwa na kuingia kwenye samaki. Samaki wawindaji wa mabwawa ya namna hiyo wanaweza kubaki na zebaki iliyopanda kwa miaka 20 hadi 30, bila kiwanda hata kimoja kuwapo karibu.

Kutoka kwenye tope, zebaki ya methili huingia kwenye mwani, mwani huliwa na vijidudu vinavyoelea, vijidudu na samaki wadogo, nao na wakubwa. Kila mlaji hula wengi wa daraja la chini yake, na kwa kuwa zebaki hutoka mwilini polepole kuliko inavyoingia, kila daraja linabeba zaidi. Nyama ya samaki mwindaji inaweza kuwa na zebaki mara milioni moja au zaidi ya ile iliyo kwenye maji anayoogelea. Maji unaweza kuyapima ukayakuta safi na samaki wake asifae kuliwa kila siku.

Wastani wa vipimo vya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, unaonyesha ngazi hiyo vizuri. Sadini na perege wana miligramu 0.013 za zebaki kwa kila kilo ya nyama. Jodari mwepesi wa kopo ana 0.126; jodari mweupe wa kopo, ambaye ni aina nyingine na huvuliwa akiwa mkubwa zaidi, ana 0.35. Nguru wa Atlantiki 0.73. Papa 0.979 na nduaro aina ya swordfish 0.995. Kutoka sadini hadi nduaro ni zaidi ya mara 75, na wote wanaitwa samaki.

Zipeleke tarakimu hizo kwenye sahani. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, iliweka mwaka 2003 kiwango cha mikrogramu 1.6 (mikrogramu ni sehemu ya elfu ya miligramu) za zebaki ya methili kwa kila kilo ya uzito wa mlaji kwa wiki, ikiwa na mtoto aliye tumboni akilini. Mtu wa kilo 60 anafikia mikrogramu 96. Nduaro ana mikrogramu 1 hivi katika kila gramu ya nyama, kwa hiyo gramu 96, kipande cha kujaa kiganja, kinamaliza posho ya wiki nzima. Kwa sadini mtu huyo huyo angehitaji kula kilo 7 na zaidi ndani ya wiki ili afike hapo. Mtoto wa kilo 15 ana posho ya mikrogramu 24: vijiko viwili vya nduaro vinatosha kuimaliza.

Sasa kuhusu kisu. Zebaki ya methili hujifunga kwenye salfa iliyomo ndani ya protini, na protini ndiyo nyama. Kuchuna ngozi hakusaidii. Kuondoa mafuta hakusaidii. Limau, siki na chumvi haviifungui, na mchemko wa nusu saa hauifungui pia. Kupika kwa kweli huipandisha kwa kila gramu: kipande kibichi cha gramu 200 kikikaangwa kikabaki gramu 150, kilichopotea ni maji, zebaki yote imo, na kila gramu unayotia kinywani sasa ina theluthi moja zaidi ya ilivyokuwa nayo ikiwa mbichi. Tunalisisitiza hili kwa sababu wapo wanaouza dawa za kulowekea samaki kwa madai ya kumsafisha zebaki, na mama mjamzito akiamini madai hayo mwenye kuumia ni mtoto.

Ndani ya binadamu, karibu asilimia 95 ya zebaki ya methili iliyoliwa hupita kutoka utumbo hadi kwenye damu. Humo hushikana na sisteini, asidi amino (kijenzi cha protini), na muungano huo unafanana kwa umbo na methionini, mojawapo ya asidi amino ambazo ubongo unazihitaji. Milango ya ubongo huufungulia. Milango ya kondo la nyuma nayo huufungulia, na damu ya kitovu cha mtoto kwa kawaida hukutwa na zebaki nyingi kuliko damu ya mama yake. Kiasi kilichomo mwilini hupungua nusu kwa siku 50 hivi. Hesabu mbele: siku 100 imebaki robo, miezi 6 imebaki chini ya sehemu moja ya kumi. Hesabu hiyo ina maana kubwa kwa mwanamke anayepanga kubeba mimba. Akibadilisha aina ya samaki miezi 6 kabla, mtoto ataanza safari kwenye damu iliyo karibu na safi. Akingoja hadi mimba ionekane, wiki za mwanzo zimeshapita.

Dalili za sumu nyingi huanza kwa ganzi kwenye vidole na kuzunguka midomo. Kisha mwendo unayumba, maneno yanakwama, masikio yanapungua na upeo wa macho unasinyaa kutoka pembeni kama mtu anayetazama kupitia bomba. Mfululizo huo dunia iliujua Minamata, Japani. Kiwanda cha Chisso kilitengeneza kemikali ya asetaldehaidi kwa kutumia zebaki kuanzia 1932 hadi 1968, na majitaka yake yalikwenda ghuba ambayo wavuvi waliitegemea kwa mlo wa kila siku. Paka waliokula mabaki ya samaki ndio waliotangulia: walizunguka, wakaruka, wakaanguka baharini. Tarehe 1 Mei 1956 ugonjwa wa watu uliripotiwa rasmi. Mwaka 1958 kiwanda kilihamisha mdomo wa mfereji hadi mlangoni mwa mto, na wagonjwa wakaanza kutokea huko nako. Mwaka 1959 Dk. Hajime Hosokawa wa hospitali ya kiwanda hicho hicho alimlisha paka majitaka ya mtambo wa asetaldehaidi, paka akapata ugonjwa ule ule, na kiwanda kikayaficha matokeo. Serikali ilitamka chanzo mwezi Septemba 1968, miaka 12 baada ya taarifa ya kwanza.

Palikuwa na watoto waliozaliwa na ulemavu mkubwa ilhali mama zao walikuwa na dalili ndogo au hawana kabisa. Madaktari walikuwa wamefundishwa kwamba kondo la nyuma huzuia sumu. Ushahidi ulipatikana majumbani: familia za Kijapani huhifadhi kipande kilichokauka cha kitovu cha mtoto ndani ya kiboksi, na Dk. Masazumi Harada alivikusanya vipande hivyo vikapimwa. Zebaki ilikuwamo, na kiasi chake kilipanda na kushuka kufuatana na miaka ya uzalishaji wa kiwanda.

Neno kuhusu sheria, maana linawapotosha wengi. Mwaka 2018 Codex, tume ya FAO na WHO ya viwango vya chakula, ilipitisha vikomo vya zebaki ya methili: miligramu 1.2 kwa kilo kwa jodari, 1.6 kwa papa na 1.7 kwa nduaro aina ya marlin. Umoja wa Ulaya hutumia 0.5 kwa samaki wengi, 1.0 kwa wawindaji wakubwa, na tangu 2022 kikomo cha 0.3 kwa baadhi ya aina. Papa anaruhusiwa zaidi kwa sababu papa kiasili ana zebaki zaidi, na kikomo kimewekwa ili wale waliochafuka kupita wenzao waondolewe sokoni. Mwili wako haujui aina ya samaki, unahesabu mikrogramu. Kwa hiyo maneno "amefaulu kipimo" kwenye cheti cha papa hayamaanishi kwamba unaweza kumla mara nyingi kama sadini.

Mafuta, mahali kisu kinapofanya kazi

PCB (kemikali za viwandani), dioksini (huzaliwa taka zenye klorini zinapochomwa) na DDT (dawa ya kuua wadudu) ni familia tofauti zenye tabia moja: huyachukia maji na kuyapenda mafuta. PCB zilianza kutengenezwa kibiashara mwaka 1929 kwa ajili ya transfoma na kapasita kwa sababu haziungui wala kuoza kwa urahisi, na sifa hiyo hiyo ndiyo inayozifanya ziendelee kuwapo kwenye tope la mito leo. Viwanda viwili vya General Electric vilizimwaga kwenye Mto Hudson, New York, kati ya 1947 na 1977. Tope lilichimbuliwa kati ya 2009 na 2015, na bado maonyo ya kutokula samaki wa sehemu za mto huo yaliendelea. Mkataba wa Stockholm wa 2001 umezipiga marufuku, lakini zilizokwisha kumwagwa hazikusoma mkataba.

Mwilini hupungua nusu kwa miaka: dioksini kali kuliko zote, TCDD, huchukua kama miaka 7. Kujizuia miezi 6 kabla ya mimba hakufui dafu hapa. Anachomrithisha mama mtoto wake, kupitia kondo na kupitia maziwa, kilianza kukusanyika tangu alipokuwa msichana mdogo. (Kunyonyesha kunaendelea kushauriwa, faida zake zinashinda.) Wakala wa Ulaya wa usalama wa chakula, EFSA, mwaka 2018 ulishusha kiwango cha dioksini na PCB zinazofanana nazo kutoka pikogramu 14 (pikogramu ni sehemu ya milioni ya mikrogramu) hadi 2 kwa kilo ya uzito kwa wiki, na kigezo kilikuwa kupungua kwa mbegu za kiume kwa vijana waliokutana na dioksini wakiwa wavulana. Sweden inawashauri watoto na wanawake wanaoweza kuzaa wale heringi wa Bahari ya Baltiki si zaidi ya mara 2 au 3 kwa mwaka.

Chukua basi samaki mwenye mafuta na umtazame yanapokaa. Yapo chini ya ngozi. Yapo kwenye nyama laini ya tumbo, ile inayoteleza kidoleni. Yapo kwenye mwamba wa mgongo, chini ya pezi la juu. Na yapo kwenye ule ukanda wa nyama nyeusi-nyekundu unaopita ubavuni, kutoka nyuma ya kichwa hadi mkiani, mahali ambapo kwa nje unaona mstari. Fanya hivi: toa matumbo yote na ini bila kuyapasua. Pasua minofu miwili. Laza mnofu ngozi ikiwa chini, shika ncha ya mkia, pitisha kisu kati ya ngozi na nyama kikiwa kimelala karibu bapa, na uivute ngozi badala ya kukisukuma kisu. Sasa upande uliokuwa na ngozi utaona ukanda mweusi umechimba ndani kama herufi V. Kata pande zake mbili kwa mshazari uutoe mzima. Kata ukingo wa tumbo upana wa vidole viwili, na ukingo wa mgongo kiasi. Mnofu utakuwa mdogo kuliko ulivyotarajia.

Kisha mpike juu ya wavu, mafuta yadondoke. PCB kupungua kwa theluthi moja hivi ni jambo la kawaida kwa njia hii, na kwa samaki wenye mafuta mengi inaweza kufika nusu. Kosa linalorudisha kila kitu ni kuyatumia yale yaliyodondoka: kuyamwagia samaki, kuyafanya mchuzi, au kuyakaangia tena siku ya pili. Supu ya kichwa na ngozi inayachota yote ikayaacha yanaelea juu. Kama maji alikotoka yanatiliwa shaka, supu hiyo iache. Mafuta ya ini yaliyokamuliwa nyumbani ni mabaya zaidi, kwa kuwa ini la samaki limefanya kazi ya kuyakusanya maisha yake yote.

Hapa kuna utata ambao hatuwezi kuuficha. Mafuta hayo hayo ndiyo yenye omega-3, na DHA iliyomo ndani yake ndiyo inayojenga ubongo wa mtoto. Kumkata mafuta samaki wa maji safi ni hasara tupu. Kazi ya kisu tuliyoeleza ni ya samaki wa maji yenye historia: chini ya viwanda, bandari za zamani, mito inayopita miji mikubwa, maeneo ya dampo.

PFAS zinaharibu mpangilio huu wote. Hizi ni kemikali za mapovu ya kuzimia moto na za nguo na vikaango visivyogandisha, na hazikai kwenye mafuta. Hushikana na protini za damu na ini. Kuchuna na kukata hakuzigusi. EFSA mwaka 2020 iliweka nanogramu 4.4 (nanogramu ni sehemu ya elfu ya mikrogramu) kwa kilo ya uzito kwa wiki kwa jumla ya nne kati yake. Mtu wa kilo 60 ana posho ya nanogramu 264, na samaki mwenye mikrogramu 2 tu kwa kilo anaimaliza kwa gramu 132. Usile samaki wa dimbwi au kijito kinachopokea maji ya uwanja wa ndege au wa mazoezi ya zimamoto. Hakuna mbinu ya jikoni.

Ini, figo, mfupa

Kadimiamu, metali nzito, hupenda ini na figo za samaki, matumbo ya ngisi, na ile nyama ya kahawia iliyo ndani ya gamba la kaa, ambayo ni tezi yake ya kumeng'enya chakula. Nyama nyeupe ya miguu ya kaa huwa na kidogo sana. Kadimiamu ikifika kwenye figo za binadamu hukaa miaka 10 hadi 30, hivyo anayependa nyama ya kahawia na kuila kila wiki anajiwekea akiba mbaya. Ngisi atolewe matumbo kabla hajachemshwa. Akichemshwa nayo, sehemu yake huhamia kwenye nyama na kwenye maji.

Metali ya risasi huenda kwenye mfupa, magamba na matamvua. Samaki kwa kawaida si njia kuu ya risasi kumfikia mtu, isipokuwa karibu na migodi na mitambo ya kuyeyushia betri.

Chaza na kome wachukuliwe kando. Wanachuja maji mengi na hawana uwezo wa samaki wa kuvunjavunja kemikali za mafuta ya petroli, kwa hiyo baada ya mafuta kumwagika baharini samaki husafika mapema na chaza hubaki wachafu.

Samaki wadogo wanaoliwa wazima wanawatia watu wasiwasi kwa sababu matumbo yao huliwa pamoja. Kwa zebaki wao ndio bora kuliko wote: wameishi muda mfupi na wako chini kwenye ngazi. Tatizo ni tope lililomo tumboni wakivuliwa bandarini au chini ya mgodi. Wa bahari wazi au ziwa lisilo na viwanda, wale wazima.

Aseniki ni mtego wa namna yake. Pima samaki wa baharini utakuta miligramu kadhaa kwa kilo, namba ya kutisha. Karibu yote ni asenobetaini, ambayo hupita mwilini na kutoka kwenye mkojo bila kudhuru. Mfanyakazi wa kiwanda anayepimwa mkojo kwa aseniki aache vyakula vya baharini siku 3 kabla, la sivyo mlo wa juzi utasomwa kama sumu ya kazini.

Sumu tunayompaka wenyewe

Moshi una hidrokaboni za kundi la PAH, na kinara wao, benzopireni, imethibitishwa kusababisha saratani. Huzaliwa kuni zinapoungua kwa joto kali na hewa haba, na huzaliwa pia pale mafuta ya samaki yanapodondokea makaa: ule moshi mweupe unaoruka na kumrudia samaki una PAH nyingi kuliko moshi wa kuni. Ulaya inaruhusu mikrogramu 2 za benzopireni kwa kilo ya samaki wa kukaushwa kwa moshi. Samaki anayening'inia juu ya moto wenyewe hupita hapo kwa urahisi.

Kinachobadilisha matokeo ni mpangilio wa tanuri. Moto uwe kando, moshi usafiri hadi kwa samaki; ukishindwa, weka bati lenye mteremko kati ya makaa na wavu, likusanye mafuta na kuyatoa nje. Anza kukausha kwa joto la makaa yaliyokwisha kuwaka vizuri, moshi uje mwishoni kwa ajili ya rangi na harufu, kwa sababu nyama ikiwa bado na maji mengi kazi ni kukausha na haihitaji moshi. Tumia mti mgumu uliokauka. Miti yenye utomvu, mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa, makaratasi ya plastiki na matairi hayana nafasi. Mbao za dawa huongeza aseniki na plastiki yenye klorini huongeza dioksini. Masizi kwenye wavu yakwanguliwe kila baada ya zamu. Tanuri la FTT-Thiaroye, lililobuniwa Senegali mwaka 2008 kwa ushirikiano wa FAO, limejengwa juu ya mambo hayo: sanduku la makaa, trei ya mafuta, na kizalishaji cha moshi kilichotengwa.

Kwa mlaji, PAH nyingi hubaki kwenye ngozi. Menya ngozi ya samaki wa moshi uitupe, na usiisage kuwa unga wa mchuzi.

Kiasi gani, na kwa nani

Mjamzito na anayenyonyesha wanashauriwa gramu 227 hadi 340 za samaki kwa wiki, wa aina zenye zebaki kidogo. Wanaoacha samaki kabisa kwa hofu wanamnyima mtoto DHA, iodini na protini, na hilo nalo ni dhara. Watoto wapewe vipande vidogo kulingana na uzito, wa aina hizo hizo. Papa, nduaro na nguru wakubwa wawakalie mbali. Mtu mzima asiye katika makundi haya anaweza kumla mwindaji mkubwa mara moja moja, mradi wiki hiyo asiongeze mwingine.

Kati ya samaki wawili wa aina moja na maji yale yale, chukua mdogo. Mkubwa ni mzee, na umri ndio uliomjaza. Samaki wa kufugwa hufuata chakula chake: aliyelishwa nafaka na soya ana zebaki kidogo, aliyelishwa mafuta ya samaki hubeba kilichokuwamo kwenye mafuta hayo.

Ukipeleka samaki maabara

Makosa mengi ya vipimo hutokea kabla sampuli haijafika kwenye mashine. Chagua samaki wa aina moja, angalau 5, na mdogo wao asiwe chini ya robo tatu ya urefu wa mkubwa, la sivyo wastani hautamwakilisha yeyote. Andika urefu na uzito wa kila mmoja. Kwa zebaki kipande cha mnofu popote juu ya mstari wa ubavu kinatosha, kwa kuwa imeenea nyama nzima karibu sawa. Kwa PCB usikate kipande: mkia una mafuta machache kuliko upande wa kichwa, na kipande cha mkia kitatoa jibu la kupendeza lisilo la kweli. Saga mnofu mzima, na uandike kama ulikuwa na ngozi au la. Sampuli ya metali iwekwe kwenye mfuko safi wa plastiki, ya PCB ifungwe kwa foili ya alumini, ya PFAS iepushwe na chombo chochote chenye mpako wa Teflon. Zigandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri.

Jibu likirudi, tazama kwanza kama ni kwa uzito wa nyama mbichi au iliyokaushwa. Nyama ya samaki ni maji kwa asilimia 75 hadi 80, kwa hiyo miligramu 1.2 kwa kilo kavu ni kama 0.26 kwa kilo mbichi, na vikomo vyote vya sheria vimeandikwa kwa nyama mbichi. Samaki wazuri wamewahi kulaaniwa kwa kosa hili. Kisha tazama "haikuonekana" imeandikwa kwa kifaa cha uwezo gani: mashine isiyoona risasi chini ya 0.5 haiwezi kukuambia kama samaki amepita kikomo cha 0.3. Karatasi isiyotaja uzito mbichi au mkavu, wala kiwango cha chini cha kifaa, irudishwe maabara ikajazwe kabla hujamwonyesha mvuvi au mlaji yeyote.